Kukarabati Nyumba ya Zamani ya Kupangisha Bila Kuifuta Sura Yake: Mwongozo Kamili

Nyumba ya zamani ya kupangisha haipotezi sura yake kwa mkupuo. Huipoteza katika zile wiki chache kati ya mpangaji anayehama na anayehamia. Fundi anaitwa kwa haraka, mlango unaokwama unang'olewa na kuwekwa wa bei rahisi, sakafu ya mbao inafunikwa kwa zulia la plastiki, nakshi za dari zinapakwa rangi juu ya rangi mpaka kingo zake zinakuwa butu. Kila uamuzi, ukiutazama peke yake, una sababu. Ikipita miaka ishirini ya maamuzi ya namna hiyo, kilichobaki ni kuta na paa.

Mwongozo huu ni kwa mwenye nyumba anayetaka kukarabati huku akilinda vitu vya asili: milango, madirisha, sakafu, lipu, vitasa, nakshi. Kigezo kimoja kitaongoza hatua zote. Katika nyumba ya kupangisha, kitu unachokihifadhi lazima kiweze kurekebishwa kipande kidogo, kwa muda mfupi, na fundi wa kawaida. Kisipoweza, siku moja kitang'olewa na mtu mwenye haraka, na huenda mtu huyo akawa wewe mwenyewe.

Hatua ya 1: Ijue nyumba kabla ya kumwita fundi

Pita chumba kwa chumba ukiwa na kamera, futi ya kupimia na daftari. Piga picha ya chumba kizima kutoka kila kona, kisha picha za karibu za bawaba, komeo, mikono ya milango, vioo, viungo vya mbao, vigae na urembo wa dari. Pima unene wa milango na upana wa mbao za sakafu. Vipimo hivi ndivyo utakavyompa seremala siku ukihitaji kipande cha kufanana.

Chunguza sehemu ambazo mikono ya watu haikufika sana. Ndani ya kabati za ukutani mara nyingi kuna sakafu ya asili ambayo haijaguswa, na nyuma ya vibao vya swichi huonekana rangi za mwanzo. Inua kona ya zulia. Angalia darini na stoo, kwa maana watu wengi waliong'oa milango ya zamani waliisukumia huko badala ya kuitupa. Beba sumaku ndogo: ikiigusa bawaba iliyofunikwa na rangi na isinase, huenda ni shaba, ikinasa, ni chuma, au ni chuma kilichopakwa utando wa shaba.

Usiishie kwenye mapambo. Kimo cha dari, upana wa milango, jinsi mwanga unavyopita kutoka chumba kimoja hadi kingine, vyote ni sehemu ya sura ya nyumba. Kushusha dari ili kuficha nyaya kunaharibu chumba kuliko kupotea kwa vitasa vitatu.

Kisha gawa orodha yako katika mafungu matatu. La kwanza ni vitu vizima au vinavyotengenezeka, ambavyo vitabaki mahali pake. La pili ni vitu vilivyoharibika kiasi cha kuhitaji sehemu mpya. La tatu ni vile visivyofaa tena au vilivyoongezwa baadaye bila mpango. Fungu la tatu lishughulikie kwa tahadhari, usitoe kitu kabla hujajua kinafanya kazi gani. Tundu dogo chini ya ukuta linaweza kuwa ndilo linalopitisha hewa chini ya mbao za sakafu, na kuliziba ni kuzialika mbao zioze.

Wahifadhi wa majengo wana kanuni iliyowekwa katika Mkataba wa Burra, uliopitishwa Australia mwaka 1979: badilisha kadiri inavyolazimu, lakini kidogo iwezekanavyo. Ukiwa na shaka kuhusu jambo lolote humu, rudi kwenye kanuni hiyo.

Kabla ya kugusa chochote, ulizia mamlaka ya ujenzi kama nyumba au mtaa wake umeorodheshwa kuwa urithi. Ikiwa umeorodheshwa, hata kubadilisha dirisha au rangi ya nje kunaweza kuhitaji kibali. Na ikiwa ndani kuna mpangaji, mpe taarifa ya maandishi kwa muda unaotakiwa, mkubaliane vyumba vitakavyofanyiwa kazi kwa zamu. Mpangaji aliyeishi humo miaka mingi anajua ni dirisha gani huvuja na ni ukuta gani hulowa. Keti naye umsikilize.

Hatua ya 2: Hatari zilizofichika

Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo katika nyumba za kuishi mwaka 1978, na kuna nchi zilizochelewa zaidi. Vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto hata likiwa kidogo, na ni hatari kwa mama mjamzito. Kwa hiyo pima kwanza, kwa vipimo vinavyouzwa au kwa kupeleka kipande maabara. Ikiwa risasi ipo, usipige msasa mkavu na usitumie moto. Lowesha, kwangua taratibu, tandika plastiki sakafuni, vaa barakoa inayozuia vumbi laini, na utumie mashine ya kufyonza vumbi yenye kichujio cha HEPA, yaani kinachonasa hata vumbi laini sana. Watoto na wajawazito wasiwepo kabisa. Mahali ambapo rangi imeshika vizuri na haisuguliwi, njia salama mara nyingi ni kuiacha na kupaka nyingine juu yake.

Asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake hudhuru mapafu, nayo ilitumika katika mabati ya saruji, vigae vya sakafu vya plastiki, gundi zake, rangi za dari zenye mikwaruzo na vifuniko vya mabomba ya moto. Uingereza ilikamilisha marufuku yake mwaka 1999 tu. Usitoboe, usivunje, usisugue kitu unachokishuku. Peleka sampuli maabara, na uondoaji uwaachie wenye leseni.

Umeme hauna mjadala. Nyaya zilizofunikwa kwa mpira wa zamani au kitambaa hukauka na kupasuka, na mpangaji wa leo anachomeka vifaa vingi kuliko waliojenga nyumba walivyowahi kufikiri. Badilisha mfumo wote. Namna ya kuzipitisha nyaya mpya nitaieleza mbele.

Hatua ya 3: Maji kwanza, urembo baadaye

Hakuna faida ya kurudishia lipu iliyobambuka ikiwa maji bado yanaingia. Anza juu ushuke chini: paa, mifereji, mabomba ya kuteremshia maji, nyufa za nje, halafu udongo unaoizunguka nyumba. Miaka inavyopita udongo wa nje huongezeka, watu hupanda maua, humwaga zege, mpaka usawa wa nje unapita wa ndani. Ushushe hadi angalau sentimita 15 chini ya usawa wa sakafu na uupe mteremko wa kwenda mbali na ukuta.

Halafu subiri. Ukuta mnene uliolowa hukauka polepole. Makadirio ya mafundi wengi ni milimita 25 za unene kwa mwezi, hivyo ukuta wa milimita 225 unaweza kuchukua hata miezi tisa. Mwenye nyumba asiyekuwa na subira hiyo hupiga lipu ya saruji juu ya unyevu, na mwaka unaofuata anapiga tena.

Hatua ya 4: Kuta za chokaa

Hapa ndipo nyumba nyingi za zamani huumizwa na watu wenye nia njema. Kuta za mawe au matofali laini zilijengwa kwa chokaa na mchanga. Chokaa ina vinyweleo, huingiza unyevu na kuutoa, na ni laini kuliko tofali, kwa hiyo nyumba ikijongea kidogo, nyufa ndogo hutokea kwenye kiungo na siyo kwenye tofali. Saruji ni ngumu na hubana. Ukiipaka juu ya ukuta wa namna hiyo, unyevu hunaswa nyuma yake, chumvi hujikusanya, na uso wa tofali hubanduka vipande vipande. Tofali lililopoteza uso wake halirudi.

Jua kwanza ulichonacho. Chokonoa kiungo kwa msumari. Chokaa hukwanguka kwa urahisi na huonyesha chembe nyeupe. Saruji hugoma na ina rangi ya kijivu.

Kujaza viungo upya, fanya hivi. Toa chokaa iliyooza kwa patasi nyembamba na nyundo ndogo hadi kina cha angalau mara mbili ya upana wa kiungo. Mashine ya kukatia iache, hukata kingo za matofali na kuvipanua viungo daima. Futa vumbi kwa brashi na unyunyize maji mpaka ukuta uache kunyonya kwa pupa, lakini usitiririke. Changanya chokaa sehemu moja na mchanga mkali uliochekechwa sehemu tatu, kwa ujazo. Mchanganyiko uwe mkavu kiasi cha kushikamana ukiufinya mkononi. Sindilia kwa matabaka ukitumia mwiko mwembamba. Ukianza kuwa mgumu, ugongegonge kwa ncha za brashi ngumu ili uso uwe wazi na upitishe hewa.

Chokaa haikauki tu, bali hukomaa kwa kunyonya hewa ya kaboni. Ikikauka haraka hubaki unga. Ifunike kwa magunia yaliyoloweshwa siku kadhaa, na usifanye kazi hii joto likiwa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi.

Kwa lipu ya ndani, gonga ukuta kwa kidole kilichokunjwa. Panaposikika utupu lipu imeachana na ukuta, ila utupu kidogo si sababu ya kubomoa chumba kizima. Kata kile kipande kibovu kwa mraba, lowesha kingo, jaza kwa chokaa kwa matabaka yasiyozidi sentimita moja kila moja. Malizia kwa rangi ya chokaa au rangi nyingine inayopitisha mvuke. Rangi ya chokaa hupakwa nyembamba kama maziwa, koti nne au tano, na kila mara ukuta uloweshwe kwanza. Kwa nyumba ya kupangisha ina faida kubwa: doa linafutwa kwa koti moja la mahali hapo, bila kupaka chumba kizima.

Hatua ya 5: Madirisha

Nikiulizwa ni kitu gani kimoja cha kuokoa, nitasema madirisha. Yakiondoka, nyumba hubadilika hata kwa mtu anayepita barabarani. Pia mbao zake mara nyingi zilitoka kwenye miti iliyokua polepole, migumu kuliko mbao nyingi za sokoni leo, na kila sehemu yake inaweza kutolewa na kutengenezwa peke yake. Dirisha la plastiki likiharibika hutupwa zima.

Vioo navyo vina thamani yake. Kabla ya mbinu ya kumwaga kioo kilichoyeyuka juu ya madini ya bati yaliyoyeyushwa, iliyotangazwa na Alastair Pilkington mwaka 1959, vioo vingi vya madirisha vilikuwa na mawimbi na viputo vidogo. Kikivunjika kimoja, badilisha kimoja. Usikubali fundi anayekuambia abadilishe vyote ili vifanane.

Dirisha lililokwama kwa kawaida limezibwa na rangi. Pitisha kisu chembamba kwenye mshono, ndani na nje, kisha ligonge kwa kiganja kupitia kipande cha mbao. Likishafunguka, choma mbao kwa bisibisi, hasa kwenye kizingiti cha chini na kona za fremu. Panapoingia kwa urahisi pameoza. Kama uozo ni wa juujuu, kausha, toa laini, imarisha kwa epoksi ya mbao, gundi inayokauka na kuwa ngumu. Kama umezama, kata sehemu mbovu kwa mshazari na uunge kipande kipya cha mbao ya aina ileile, nyuzi zikifuata mwelekeo mmoja. Kizingiti kilichoungwa hivyo na kupakwa rangi vizuri kitadumu miaka mingi.

Puti, ule udongo laini unaoshikilia kioo kwenye fremu, ikiwa imekauka itoe kwa uangalifu, kwa kisu na pasi ya mvuke ikiwezekana. Paka mfereji wa kioo mafuta ya kitani kabla ya puti mpya, la sivyo mbao itayanyonya mafuta ya puti na puti itapasuka. Subiri wiki moja au mbili ifanye utando, kisha paka rangi, na rangi hiyo ipande juu ya kioo kwa milimita mbili hivi. Ukanda huo mwembamba ndio unaozuia mvua isipenye nyuma ya puti.

Mpangaji atalalamika kuhusu baridi, vumbi au kelele, naye ana haki. Weka ukanda wa brashi au mpira kwenye mishono, na ikihitajika ongeza fremu ya pili ya kioo upande wa ndani, inayoondoleka kwa skrubu bila kuumiza ile ya asili. Hakikisha pia kwamba dirisha linalotegemewa wakati wa moto linafunguka kwa mkono wa mtu yeyote.

Hatua ya 6: Milango na vyuma vyake

Mlango unaokwama usiurande kabla ya kutazama bawaba. Mara nyingi skrubu zimelegea na mlango umeinama. Zibadilishe na ndefu zaidi zinazofika kwenye mbao nzima ya mwimo, au jaza matundu kwa vijiti vya mbao na gundi kisha ufunge skrubu upya. Ukilazimika kuranda, randa upande wa bawaba, kwa sababu upande wa kitasa una vipimo ambavyo kitasa cha zamani kinavitegemea.

Vyuma vilivyozama katika rangi vitoe, viweke katika sufuria chakavu yenye maji na vijiko kadhaa vya magadi, uvichemshe kwa moto mdogo. Rangi huvimba na kubanduka yenyewe. Sufuria hiyo isirudi jikoni tena, na vaa glavu. Usiing'arishe shaba mpaka ionekane mpya. Wekundu na weusi wa umri wake ndio uzuri wake, sugua kwa nta tu.

Kwa usalama, ongeza kitasa cha kisasa juu au chini ya kile cha zamani badala ya kupanua tundu lake. Ikiwa nyumba ina wapangaji kadhaa, uliza sheria ya moto kabla ya kuamua: baadhi ya milango ya paneli inaweza kuimarishwa kwa vibao na rangi zinazovimba kwenye moto, lakini mingine italazimika kubadilishwa. Ikibadilishwa, ya zamani iandike chumba ilikotoka na uihifadhi darini.

Hatua ya 7: Sakafu

Mbao za sakafu zina msasa wa kuhesabika. Kila mashine inapopita hula sehemu ya uhai wake, na mbao zinazoingiana kwa ulimi na mfereji zikifika karibu na ulimi zimekwisha. Kwa hiyo osha kwanza. Uchafu wa nta na rangi nyingi hutoka kwa sabuni laini, maji kidogo na pamba ya chuma laini. Ikiwa lazima upige msasa, zamisha vichwa vya misumari milimita mbili au tatu, fuata nyuzi za mbao, anza na msasa wa nambari ya wastani na uishie kwenye 120.

Umaliziaji ndio unaohitaji uamuzi wa mwenye nyumba ya kupangisha. Vanishi ya poliurithani inastahimili sana, lakini ikichubuka njiani, mlangoni au chini ya kiti, kiraka huonekana na sakafu yote hudai msasa upya. Mafuta magumu yenye nta huchubuka mapema, ila unarekebisha mahali palipochubuka tu, kwa kitambaa. Mimi nachagua mafuta. Miaka thelathini ya wapangaji ni viraka vingi vidogo, na ni heri hivyo kuliko misasa minne au mitano.

Vigae vya saruji vyenye michoro, marumaru na terazo vinaogopa asidi. Siki na ndimu hula uso wake. Tumia sabuni isiyo na asidi wala magadi makali. Ufa wa terazo hujazwa kwa saruji ya rangi ileile yenye chembe za mawe, kisha husuguliwa kwa pedi za almasi na maji.

Hatua ya 8: Dari, jiko, bafu na nyaya

Urembo wa dari uliofunikwa na rangi huweza kusafishwa kwa maji ya uvuguvugu na kijiti cha mbao, kazi ya polepole mno; anzia chumba cha kupokelea wageni. Kipande kikikosekana, chukua umbo kwa silikoni kutoka kwenye kilicho kizima, umwagie gipsamu. Dari ya lipu iliyolegea hurudishwa kwa skrubu na washa pana, kisha hufunikwa kwa lipu nyembamba.

Jiko na bafu ndipo pa kuwa huru. Huko mpangaji anahitaji maji ya uhakika, hewa na usafi, na mara nyingi hakuna cha asili kilichobaki. Weka makabati yanayosimama yenyewe au yaliyoning'inizwa kwenye ubao mmoja mrefu, ili kuta zisitobolewe kila yanapobadilishwa.

Nyaya mpya zipitishe chini ya sakafu, ndani ya kabati au nyuma ya skatingi (ubao wa chini ya ukuta), na pale zinapolazimika kupanda zipande wima, kwa mstari mmoja. Ving'ora vya moshi vinavyowasiliana bila waya vinaokoa dari nzima isichimbwe.

Hatua ya 9: Kabla ya kukabidhi ufunguo

Weka reli ya picha au ndoano imara ukutani, fimbo za pazia katika kila dirisha, vizuizi vya milango sakafuni. Mpangaji hutoboa ukuta kwa sababu hana pa kutundikia kitu. Ukimpa pa kutundikia, kuta zako zitabaki salama.

Kwenye mkataba andika waziwazi vitu visivyopakwa rangi wala kuondolewa, pamoja na picha zake, na kwamba fundi yeyote wa kazi hizo ataletwa na mwenye nyumba. Ikiwa wewe ndiye mpangaji na umeiona nyumba inahitaji haya yote, omba ruhusa kwa maandishi kwanza, na kila unachokitoa kiandike jina na ukiache mle ndani.

Mpe mpangaji ukurasa mmoja wa maelezo: sabuni ya sakafu, namna ya kufungua madirisha, na kwamba ufa mdogo aripoti mapema bila kuogopa kulipishwa. Wewe baki na sanduku lenye rangi iliyobaki, kopo la mafuta ya sakafu, vioo viwili vya zamani, skrubu, vitasa vya akiba, na daftari linaloonyesha mchanganyiko uliotumika kila chumba. Liweke ndani ya nyumba, mahali ambapo fundi atakayekuja baada ya mpangaji huyu kuhama atalikuta kabla hajafungua mfuko wa saruji.